Kabla Kichwa Hakijafunguliwa

Ukikabidhiwa majibu ya kipimo cha CT yaliyoandikwa "meninjioma", usitie saini fomu ya upasuaji mpaka picha zitazamwe upya na bingwa wa radiolojia. Nawaambia hasa ndugu zangu wa Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa, mkoani Dodoma, ambako mgonjwa hufika mjini akiwa amechelewa na jamaa wanataka "kitolewe" leo hii.

Meninjioma ni uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Jina hilo lilitolewa na Harvey Cushing, mpasuaji wa Marekani, mwaka 1922. Nyingi si saratani, hukua polepole, na huwapata zaidi wanawake. Mgonjwa akidungwa dawa ya kung'arisha picha, uvimbe huu huwaka mweupe pe.

Taabu ni kwamba kuna kingine kinachowaka vivyo hivyo: fundo la vena zilizoumbika vibaya, kuta zake nyembamba, damu ikipita ndani kwa uvivu. Likikaa kwenye utando, hasa nyuma ya jicho kando ya tezi ya pituitari, CT peke yake inaweza kumdanganya hata mtu mzoefu. Mpasuaji anafungua akitarajia nyama ngumu, anakutana na chemchemi ya damu. Wapo waliolazimika kufunga fuvu kazi ikiwa nusu. Na nani asiyejua ilivyo tabu kupata chupa za damu usiku?

Kipimo cha MRI ndicho kinachosema. Katika picha zake za aina ya T2, fundo la vena hung'aa sana, karibu na maji ya ubongo. Meninjioma kwa kawaida hubaki na rangi ya kijivu. Kisha tazama dawa inavyoingia: meninjioma hujaa haraka, fundo huanza upande mmoja likajaa taratibu, kwa hiyo picha moja haitoshi, zipigwe kadhaa kwa kufuatana. Mfupa ulionenepa juu ya uvimbe huelekeza kwenye meninjioma. "Mkia" wa utando, ambao wengi huuchukua kama muhuri, hauthibitishi kitu.

Mwanamke aulizwe pia kama ametumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2024 uliihusisha sindano hiyo, kwa waliochomwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na meninjioma zilizohitaji upasuaji. Hatari yenyewe bado ni ndogo. Usiiache sindano kabla ya kuongea na mhudumu wako.

Tena, mbali na fundo hilo, kuna vena zinazopanuka zikachanua kama matawi ya mbuyu wa kiangazi. Hizo ndizo zinazopitisha damu inayotoka kwenye sehemu ya ubongo isiyo na ugonjwa. Kuzikata ni kuziba njia ya damu hiyo.

Kutazama upya si kulala. Kichwa kinachopasuka ghafla, degedege kwa mtu mzima, jicho linalofifia au mkono unaolegea ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, si ya kuchanjwa chale. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko hapa hapa Dodoma. Kwa rufaa ya juu zaidi ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Beba CD ya picha zenyewe, usibebe karatasi ya majibu tu. Mwulize daktari kwa adabu: "Mmehakikisha hili si fundo la vena?"