Kupeana Kiti: Hesabu Ambayo Kaptembwo Ilishalipa

Wasee, cheki hizi tarehe mbili. Disemba 30, 2002, Moi alipeana kiti kwa Kibaki pale Uhuru Park baada ya miaka 24. Katiba ilikuwa imemfungia, na mtu wake, Uhuru, alikuwa amelambishwa sakafu. Umati ulimzomea mzae, lakini alienda zake Kabarak, hapa tu Nakuru. Nchi haikuchomeka.

Disemba 30, 2007, jioni, Kibaki aliapishwa chap chap Ikulu huku matokeo yakipingwa. Kabla Januari iishe, Kaptembwo ilikuwa inawaka. Majirani waliokuwa wanachota maji bomba moja wakakimbiana. Kenya nzima, zaidi ya watu 1,100 walikufa. Mambo yalianza kupoa Februari 28, 2008, Kibaki alipokubali kugawana serikali na Raila.

Maze, mkubwa aking'ang'ania, bill inaletwa mtaani.

2027 ndio hii. Lakini tuanze na sisi: chairman wa steji yenu ya boda amekaa miaka mingapi? Na daftari ya chama, nani amekataa kuiachilia? Kama hiyo inatushinda, tutaambia Ikulu nini?