Kuku wa Nakuru na Mvua ya Zambia

Kuku mmoja wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kwa hiyo mama anayefuga kuku 100 uani kwake Bondeni, mjini Nakuru, humaliza gunia la chakula la kilo 70 katika siku sita hivi. Bei ya gunia ikipanda, hawezi kuwaamuru kuku wafunge. Huuza baadhi yao na kupunguza kundi. Trei ya mayai inayoshuka Mombasa kutoka bara nayo hupanda bei, na mpishi wa keki na katlesi huku kwetu hulipa bila kujua kilichotokea. Wiki hii tumeona vyema tukifuatilie chanzo chenyewe, nacho ni punje ndogo ya rangi ya manjano iitwayo soya.

Soya hukamuliwa. Kilo 100 hutoa takriban kilo 18 za mafuta, na kinachosalia, kwa sehemu kubwa, ni mashudu yenye protini ya asilimia 44 hadi 48. Kwa mfugaji, mashudu hayo ndiyo mali. (Mafuta tunayokaangia sisi Kenya kwa wingi ni ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia; soya hutufikia zaidi kwa njia ya banda la kuku.) Mahindi humpa kuku nguvu, lakini yai haliumbiki bila protini, na dagaa pamoja na mashudu ya alizeti na ya pamba hayajaweza kuziba pengo.

Na pengo ni kubwa. Kenya inahitaji zaidi ya tani 100,000 za soya kwa mwaka, nayo huvuna maelfu machache tu. Upungufu huo ni wa miaka mingi, ila sura yake imebadilika. Hapo zamani tegemeo letu kubwa lilikuwa Uganda, safari fupi ya lori kupitia Busia au Malaba. Mwaka 1996 ugonjwa wa kutu uliingia katika mashamba ya soya ya Uganda na kuyaharibu vibaya. Ilimbidi Profesa Phinehas Tukamuhabwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Makerere watafute mbegu yenye kustahimili, na mwaka 2004 ikatolewa aina ya Maksoy 1N. Uganda ikainuka tena, lakini mahitaji yetu yalikuwa yamekwisha kuipita.

Ndipo tulipozidi kutazama kusini. Zambia na Malawi zimo pamoja nasi katika COMESA, hivyo soya yao huingia bila ushuru wa forodha. Zambia ina mashamba makubwa ya mitambo, na viwanda vyake vya kukamua vikaongezeka. Hivyo shehena zinazovuka Tunduma na Namanga zikawa, kwa sehemu inayozidi kukua, mashudu badala ya punje. Jambo hili linastahili kuangaliwa kuliko linavyoangaliwa. Anayenunua punje hubaki na kazi ya kukamua, na mafuta, na ujira wa vibarua. Anayenunua mashudu amemwachia jirani vyote hivyo.

Huenda mtu akauliza kwa nini tusiagize kwa meli kutoka Brazil, Marekani au Argentina, wakulima wakuu wa soya duniani. Soya ya huko, karibu yote, imebadilishwa vinasaba, na Kenya ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya aina hiyo Novemba 2012. Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku, shauri likafikishwa mahakamani. Miaka yote hiyo tumebaki tukitegemea majirani.

Majirani nao wana wateja wengine na misukosuko yao. Oktoba 2020 China ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania. Mwaka 2024 ukame wa El Niño uliunguza mashamba ya kusini. Zambia ikatangaza janga la kitaifa mwezi Februari, Malawi ikafuata Machi. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi kwa muda katika mzozo wa kibiashara baina yao. Mama wa Bondeni hana sauti katika lolote kati ya hayo. Serikali yetu, bei inapouma, husamehe ushuru wa malighafi za chakula cha mifugo, kama ilivyofanya mwishoni mwa 2021. Msamaha huo hupoza maumivu, lakini haupandi hata punje moja.

Linalotusikitisha zaidi ni kwamba Nakuru yenyewe haikosi nyenzo. Kituo cha utafiti cha KALRO, Njoro, kinachosifika kwa ngano, kimeshughulikia soya kwa miaka mingi, na aina kama Nyala na Gazelle zinajulikana huko. Kampuni ya MEA, yenye kiwanda chake cha mbolea mjini Nakuru, hutengeneza Biofix, unga wenye bakteria wanaosaidia mizizi ya soya kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Bakteria wapo hapo, mbegu ipo hapo, na viwanda vya chakula cha kuku vipo hapo. Punje ndiyo itokayo mbali.

Mkulima wa Rongai au Subukia hatumlaumu. Mahindi ni chakula cha nyumbani kabla hayajawa biashara, na mnunuzi wake yuko kila kona. Soya akiipata magunia mawili, atamuuzia nani? Kiwanda hutaka lori zima. Hapo ndipo vikundi vya akina mama vinapoweza kufanya ambalo mtu mmoja hawezi: kupanda kwa pamoja, kukausha kwa pamoja, na kupatana bei kabla ya kutia mbegu ardhini.

Na kwa wale wanaochanganya chakula cha kuku nyumbani ili kupunguza gharama, tunaomba wazingatie hili. Soya mbichi ina kizuizi kinachomzuia kuku kuifaidi protini, hata akadumaa na kupunguza kutaga. Ikaangeni kwanza kwenye sufuria kavu, mkikoroga bila kuacha hadi ibadilike rangi na kutoa harufu kama ya karanga, kisha ipozwe ndipo isagwe.