Kondoo Mzima Apimwe Damu ya Nini?

Juma lililopita nilikuwa nikiandika vyeti vya ubatizo, akaingia mzee mmoja, mfugaji, uso ameukunja. "Karani," akasema, "bwana mifugo anakuja kutoa damu kondoo wangu, nao hawaumwi. Siku hiyo nitawapeleka machungani alfajiri, asiwakute."

Najua hayuko peke yake. Basi jibu nililompa nawapa na ninyi.

Kinachotafutwa ni alama ya Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Ulitambuliwa mwaka 1931 karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, wanakondoo walipokufa kwa maelfu na kondoo wakatupa mimba. Mayai ya mbu hao hukaa miaka katika udongo mkavu. Mvua kubwa ikifurika mbugani, huanguliwa.

Kwa kawaida wanyama hutangulia, watu hufuata. Hapa Tanzania, tangu 13 Januari hadi 3 Mei 2007, watu 264 waliandikwa kuugua, na 109 kati yao walifariki. Wengi huupata kwa kushika damu au mimba iliyotupwa.

Sasa, kwa nini kondoo mzima? Kwa sababu aliyeambukizwa akapona hubaki na alama katika damu yake. Alama hiyo ikionekana kwa kondoo kijana, aliyezaliwa miaka mingi baada ya mlipuko, twajua virusi vinatembea kimya kimya. Hapo kuna nafasi ya kuchanja kabla ya mvua. Ugonjwa ukiisha kuwaka, sindano yenyewe yaweza kuuhamisha toka kondoo hadi kondoo.

"Wakiuona, hawataniulia kondoo?" akauliza mzee.

Hilo ndilo lililomficha! Kondoo mwenye alama ya zamani amekwisha kupona. Hakuna sababu ya kumuua. Ikionekana alama mpya, minada yaweza kufungwa kwa muda. Ni hasara, sikatai. Lakini mbuzi na kondoo hununuliwa tena. Mama wa nyumba hanunuliwi.

Damu yenyewe ni kidogo tu, hutolewa shingoni, wala haimdhuru mnyama.

Na ninyi akina mama na vijana, mnaosaidia kondoo kuzaa, shikeni haya: msiguse mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu. Msichinje mnyama mgonjwa na kugawana nyama yake. Chemsheni maziwa. Kondoo wakitupa mimba wengi kwa pamoja, mwambieni bwana mifugo siku ile ile. Mtu akishikwa na homa baada ya hapo, aende zahanati, akaeleze habari za mifugo yake.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Alisema anakuja siku gani?"

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwaherini, hadi juma lijalo.