Mji Uliopewa Jina la Adui



Wapendwa waamini, katika nchi ya Urusi, kando ya mto Volga, upo mji mdogo uitwao Kalyazin. Ulikua karibu na monasteri ya Utatu Mtakatifu, iliyoanzishwa katika karne ya 15 na Makary, mmonaki wa Kiorthodoksi aliyeutafuta upweke msituni. Hata Afanasy Nikitin, mfanyabiashara wa Tver aliyefika India kabla ya Vasco da Gama, alipitia hapo kwanza kupokea baraka zake.

Mapokeo yasimulia kwamba mwenye ardhi ya jirani, Ivan Kolyaga, alichelea kunyang'anywa mashamba yake na wamonaki, akakusudia kumwua Makary. Kisha mauti yakaingia nyumbani mwake, naye mwenyewe akaugua sana. Ndipo alipomwendea Makary, akaungama nia yake, akasamehewa. Hatimaye aliitoa ardhi yake kwa Mungu, akawa mmonaki. Naye Makary akaiita monasteri kwa jina la mtu yule aliyetaka kumwua.

Hapo ndipo ninapotaka tutafakari. Sisi majina ya wafadhili huyaandika ukutani, na majina ya waliotukosea huyaandika moyoni. Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, aliyewahi kula michango ya wenzake, hata akiungama na kurudisha yote, bado huitwa mwizi akigeuka kisogo. Padre amemwondolea dhambi; jumuiya imeitunza. Nasema wazi: hilo si busara wala tahadhari. Ni kukataa kazi ya sakramenti. Tahadhari yaweza kumnyima ufunguo wa sanduku la fedha. Haiwezi kumnyima jina lake jema.

Monasteri yenyewe haipo tena. Serikali ya Kisovieti iliifunga, ikaibomoa, na mnamo mwaka 1940 maji ya bwawa la Uglich yakaifunika sehemu ya zamani ya mji. Kilichobaki majini ni mnara wa kengele wa kanisa la Mtakatifu Nikolao, uliokamilika mwaka 1800, wenye urefu wa zaidi ya mita 70. Watalii huupiga picha, nao ni mzuri kweli. Ila kanisa lililokuwa ubavuni mwake halipo.

Lakini jina lingali lipo. Kuta zilizojengwa kwa mawe zimemezwa na maji, ilhali ukumbusho wa msamaha mmoja hutajwa kila siku na wenyeji, hata wasioukumbuka mwanzo wake.

Nasi tunachangia ujenzi, na ni vema tuendelee. Ila tusijenge mnara mrefu juu ya vinyongo. Kabla ya Misa ya Dominika ijayo, kila mmoja wetu amtafute Kolyaga wake, amwite kwa jina lake la ubatizo, amkaribishe waketi benchi moja.

Mungu awabariki.

Paroko wenu