Wenye duka la vitabu, tuacheni tuguse kwanza

Jaribu hivi siku moja. Ingia duka la vitabu la senta yenu, simama mbele ya kaunta, useme umekuja kuangalia tu. Utaulizwa, "Kuangalia nini?" Ukijibu vitabu, swali la pili linakuja haraka: "Vya darasa gani?"

Mimi niliulizwa hivyo nikiwa na miaka ishirini na tatu, ndevu kidevuni. Nilikuwa nimeacha chuo miezi michache tu iliyopita, karo imetushinda nyumbani, na hapo ndipo nilipogundua sina darasa. Nikasema basi nipe biro. Nikalipa mbao, nikatoka. Mwenye duka hakunikosea adabu, tuelewane. Aliniuliza anachouliza kila mtu. Lakini swali lile nilitembea nalo hadi nyumbani.

Huku kwetu Ndalu, na najua si Ndalu pekee, duka la vitabu limejengwa kama duka la dawa. Kuna kaunta, kuna waya, muuzaji yuko nyuma ya waya na rafu ziko nyuma ya muuzaji. Unataja jina la kitabu, unaletewa. Sasa kitabu ambacho hujui kama kipo, utakitajaje?

Ndiyo maana nikipata nauli huwa napanda matatu hadi Kitale, kwa inama. Kama hujui inama ni nini, wewe si mtu wa kutembea kwa miguu. Ni wale wauzaji wa vitabu vya mitumba wa kando ya barabara, wanaotandika turubai chini na kupanga mali juu yake. Bila kuinama huoni kitu, na jina likatoka hapo. Nairobi wamejaa. Mimi wangu ni mmoja tu, mzee fulani mwenye turubai la samawati na redio ndogo isiyozimwa.

Kwa huyo mzee hakuna mpangilio. Kitabu cha Baiolojia kimelalia James Hadley Chase, na Chase naye amelalia kitabu cha mapishi chenye picha za keki ambazo tanuri la kuzioka hatuna. Kuna vile vya Pacesetters ambavyo wazazi wetu walikuwa wakisoma kwa tochi. Vingine vina mihuri ya maktaba za Uingereza, na tarehe ambayo mtu alipaswa kukirudisha. Napenda sana hizo tarehe. Huwa najiuliza kama huyo mtu alikirudisha kwa wakati, na kitabu kikafikaje Trans Nzoia.

Siku moja nikachomoa kimoja kisicho na jalada. Ilikuwa Siku Njema ya Ken Walibora, ile ya 1996. Walibora nilimjua, nani hamjui? Kidagaa Kimemwozea tulikisoma kwa ajili ya KCSE. Tulikichambua kama kuku wa Krismasi: maudhui huku, wahusika pale, mbinu za lugha kwenye karatasi lingine. Mtihani ulipoisha sikutaka kukiona tena. Hii nyingine nikaanza kuisoma nimesimama tu, nikamfuata Kongowea akitoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake, na hakuna aliyeniuliza nitaje sifa tano za mhusika. Magari yakapita. Mzee akanitazama weee, halafu akasema, "Kijana wangu, vuta hilo kreti la soda ukae. Unanizibia wateja."

Nikakaa. Ni yeye aliyeniambia kwamba Walibora, aliyefariki Aprili 2020, alilelewa papa hapa, Cherang'any. Miaka yote minne ya sekondari na sikuwahi kulijua hilo! Nilikinunua kile kitabu kwa soo, nikarudi Ndalu bila pesa ya chakula cha mchana.

Najua utaniambia siku hizi tuna simu. Ninayo, na ndiyo ninayoandikia haya. Lakini simu inakuletea kinachofanana na ulichotafuta jana. Haiwezi kukuchanganyia Baiolojia na keki.

Nao wenye maduka wana majibu yao, tena ya maana. Vitabu vitachafuka. Vitaibwa. Faida yenyewe ni nyembamba: sheria ya VAT ya 2013 iliongeza asilimia 16 kwenye vitabu, na tangu 2018 serikali inapeleka vitabu vya kiada shuleni moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji. Mwalimu mkuu aliyekuwa akija dukani na orodha ndefu hana haja ya kuja tena. Hasara hiyo siichezei.

Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Kama yule wa orodha ameenda, nani amebaki? Si ni mimi? Ni msichana wa saluni anayesubiri mteja. Ni mtu wa boda aliyefika kidato cha pili na bado anataka kujua mambo ya dunia. Sote hatuna darasa, na kila mara tunaulizwa ni la ngapi. Tunanunua biro na kwenda.

Sisemi mbomoe duka. Naomba meza moja tu mbele ya kaunta, siku ya soko, yenye vitabu ishirini ambavyo havina uhusiano wowote na mtihani. Vya mitumba pia ni sawa, hata vile visivyo na jalada. Muwe mnanitazama nisiibe, sitakasirika. Kreti nitakuja nalo mwenyewe.