Fundi akisema "boma limeisha"

Mwezi huu tuache kidogo mambo ya zawadi na mitoko. Kuna kitu kinagombanisha wanandoa hapa Mwanza kuliko hata meseji za usiku wa manane: ujenzi. Na mara nyingi chanzo si hela, ni maneno.

Nina shoga yangu anajenga na mumewe kule Buswelu. Mume ndiye anayeshinda saiti, bibie yuko kazini mjini. Siku moja baba watoto akarudi anatabasamu: "Mama, boma limeisha!" Shoga hakungoja, akampa mwenye nyumba wao wa Mabatini notisi ya mwezi mmoja. Jumapili wakaenda kuona. Kuta zimesimama, juu mawingu. Hapo hapo likazuka: hela ya bati umepeleka wapi? Unajenga kwingine na nani?

Maskini, mwanaume alisema kweli tupu. Boma ni kuta zilizosimama bila paa. Likiisha, hela nzito bado inakuja.

Basi tuanzie chini. Msingi kila mtu anaujua, ila huku kwetu kwenye majabali una vituko vyake. Kiwanja cha mlimani, upande mmoja msingi ni kozi mbili tu (kozi ni mstari mmoja wa tofali), upande wa pili unampita mtu urefu. Mawe tunayo tele, lakini saruji ya kuyashika haipungui bei eti kwa sababu unaona ziwa. Na dalali akikusifia kiwanja "cha ufukweni kabisa", mkumbushe Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: shughuli za kudumu haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Jamvi si la kukalia wageni. Ni zege linalomwagwa ndani ya msingi, juu ya kifusi kilichoshindiliwa, na sakafu yako italala hapo. Lenta nayo ni mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha. Fundi akisema "moja, mbili, nne", anamaanisha saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne. Hesabu ndoo kwa macho yako, kisha uliza nani atamwagilia maji. Zege linataka unyevu siku 7 kwa uchache. Likikauka haraka kwa jua letu hili linapasuka, halafu mnaanza kutafuta mchawi.

Kupaua ndiko ndoa nyingi zinakotikisika. Kenchi ni zile pembetatu za mbao zinazobeba paa lote. Papi ni mbao nyembamba zinazolazwa juu ya kenchi, na bati hupigiliwa hapo. Ulizia kama mbao zimepakwa dawa, mchwa hawana huruma. Kwenye bati, sikiliza vizuri: geji inavyopanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 32. Ukiambiwa "nimekuongezea geji, dada", hujapendelewa hata kidogo.

Mwezi ujao tunaingia kwenye lipu, fremu na milango ya mninga. Kama fundi wako ana neno linalowanyima usingizi wewe na mwenzio, niandikie.