Mpiga gitaa asingoje kufa ndipo aandikwe

Duka langu la fotokopi hapa Bukura linaishi kwa noti za wanafunzi wa chuo cha kilimo, fomu za serikali na programu za mazishi. Hizo za mwisho ndizo zinazonikera. Nikipanga kurasa ndipo nasoma kwamba marehemu alikuwa fundi wa omutibo, mtindo wetu wa gitaa, alifunzwa gitaa na mjomba wake, alitumbuiza harusi za Butsotso nzima. Alipokuwa hai hakuna aliyemwandika hata mstari.

Mwaka 1976, karani wa benki wa London, Mark Perry, kijana wa miaka 19, alichoka kungoja magazeti makubwa yauelewe muziki wa panki. Akachapa kurasa chache kwa taipureta, vichwa akaviandika kwa kalamu nene, makosa akayaacha yalivyo, akapiga stepla. Gazeti akaliita Sniffin' Glue. Lilianza na nakala chache tu. Mwaka uliofuata zilikuwa maelfu. Kisha akalifunga mwenyewe, huku akiwahimiza wasomaji waanzishe magazeti yao.

Msiniambie hayo ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1982 Kenya ilikuwa na Pambana, gazeti la siri lililopita mkono kwa mkono. Serikali ya Rais Moi ilipowasaka wafuasi wa Mwakenya, vuguvugu la siri la upinzani, kuanzia 1986, kukutwa na karatasi kama hiyo kulitosha kukufunga. Nadhani woga ule haujatutoka: mpaka leo mzee akiona maandishi yasiyo na muhuri huuliza nani kayaruhusu. Afadhali vijana wa Crystal Axis, bendi ya panki ya Nairobi, wameimba waziwazi juu ya mateso ya wafungwa wa enzi hiyo katika jengo la Nyayo House.

Huku kwetu hakuna anayemsaka mpiga gitaa. Tumezembea tu. George Mukabi, mpiga gitaa wa omutibo, alitoka Kisa, jirani hapa, akafa mwaka 1963. Rekodi zake zimekusanywa na kutolewa upya na Olvido, lebo ya Marekani. Ahsante kwao, lakini wao wametoka mbali namna gani, na sisi tuko wapi?

Basi tuanzishe gazeti letu la wapiga gitaa. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 16. Kwa shilingi 5 kila upande, nakala moja ni shilingi 40. Andikeni nani anafunga nyuzi vipi, nani anajua kukwaruza chupa ya Fanta bila kuharibu mdundo, nani siku hizi anapiga ovyo kwa sababu ya pombe (jina mlifiche, tunaishi pamoja). Sifa tupu tutazisoma matangani.

Najua mtasema kuna WhatsApp. Basi nitafutieni ujumbe mmoja wa kikundi chenu wa miaka mitano iliyopita.

Toleo la kwanza nitalitoa kwa mkopo. La pili mtalipa.